Mtoto Aliyehesabiwa Mara Mbili

Mtu akifika nchi ya Ukidhi haulizwi ametoka wapi wala kama amekula. Huulizwa amehesabiwa wapi. Bi Siwema binti Haji, muuguzi aliyefanya kazi miaka ishirini na sita katika wodi ya watoto, hakuwa na jibu la swali hilo. Akawekwa kwenye benchi la wasiohesabiwa, baina ya mbuzi wawili na muuza vyungu, akaambiwa asubiri mkaguzi wa kumpokea. Alikaa hapo tangu asubuhi hadi adhuhuri na wala hakununa. Aliyezoea kumsubiri daktari hashindwi kumsubiri karani.

Safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Kwao kulikuwa na nyumba walimotunzwa watoto walioumizwa na maisha kabla hawajajua maisha ni nini, na mwaka uliopita mtoto mmoja alipotea humo siku nne bila mtu kugundua. Alipatikana hai, ila kwa bahati tu. Wazee wa baraza wakapiga meza wakasema, tutafute sheria. Kila aliyejifanya mjuzi alisema sheria bora ya nyumba kama hizo iko Ukidhi, na kwamba haina mfano duniani. Basi Siwema akapewa daftari jipya, akaambiwa akainakili neno kwa neno na kurudi kabla ya baraza kukaa.

Binti yake Mwanakheri, mwenye mimba ya miezi saba, alimshika mkono mlangoni siku ya kuondoka. "Mama, usichelewe. Mimi sitaki kushikwa na mikono ya watu."

"Mjukuu wangu nitampokea mwenyewe," Siwema akamwambia, na akaapa kabisa.

Mkaguzi aliyekuja kumtoa benchini aliitwa Bwana Nyenzi, mtu wa miaka hamsini na ushei, mrefu, mwenye sauti ya chini na viatu vilivyopigwa rangi mpaka vikachoka. Kifuani alining'iniza kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne. Siwema alidhani ni cha kufutia jasho.

Njiani Bwana Nyenzi akamweleza sheria, na Siwema akaandika huku akitembea. Nyumba hizo Ukidhi waliziita nyumba za kutengemaa. Kila nyumba lazima iwe na leseni, na leseni lazima itundikwe mlangoni, kwa urefu wa macho ya mtu mzima. Watoto hawakuhesabiwa kwa idadi yao, bali kwa vichwa. Mtoto aliyetulia alikuwa kichwa kimoja. Mtoto anayelia alikuwa vichwa viwili, na anayejiumiza au kutoroka, vitatu. Kwa kila vichwa vinne, mlezi mmoja mwenye cheti.

Siwema alisimama barabarani. "Bwana Nyenzi, mbona hii ni sheria nzuri sana?"

"Ni nzuri," akasema Bwana Nyenzi. "Mtoto mwenye dhiki zaidi apate mikono zaidi. Ndivyo tulivyokusudia."

"Na vichwa vikizidi walezi?"

"Mtoto aliyezidisha huondolewa siku ile ile, hupelekwa Nyumba ya Akiba, ng'ambo ya milima. Huko vichwa vyote ni kimoja kimoja."

"Wanafanyaje huko?"

Bwana Nyenzi akatazama viatu vyake. "Hawalii," akasema, na wakaendelea na safari.

Siku hiyo ya kwanza alimpeleka barazani, ambako mjadala ulikuwa umeingia siku ya kumi na moja. Swali lilikuwa moja tu: ni wakati gani mtoto huhesabiwa kuwa analia? Mtu wa nje angeweza kudhani swali hilo hujibiwa na mtoto mwenyewe. Ukidhi walikuwa wameshavuka ujinga huo.

"Kwikwi si kilio," alisema mjumbe mmoja mwenye kifua kipana. "Hata aliyekula pilipili hupata kwikwi. Tukihesabu kwikwi tutafunga nyumba zote, na watoto watalala wapi?"

"Na machozi yasiyo na sauti, mheshimiwa?" akauliza mama mmoja wa safu ya nyuma.

"Hayo ni jasho la macho, mpaka ithibitike vinginevyo."

Hakuna aliyecheka. Karani aliandika. Mjumbe mwingine akaleta hoja kwamba chozi lipimwe kwa urefu, mwingine akataka lipimwe kwa muda, na wa tatu, aliyekuwa amesinzia, akaamka na kuunga mkono hoja zote mbili. Mwishowe wakaafikiana kubaki na kanuni ya zamani, kwamba chozi huwa kilio likivuka taya. Likikauka shavuni, halimo. Ukumbi mzima ukapiga makofi, na baadhi ya wajumbe wakalengwalengwa na machozi ya furaha, wakayafuta upesi kabla hayajafika mbali.

Hapo ndipo Siwema alipojua kazi ya kile kitambaa. Mkaguzi hukigusisha kwenye kidevu cha mtoto, na kikilowa, huandika viwili.

"Mbona sijasikia mtu akiuliza walezi watatoka wapi?" alimnong'oneza Bwana Nyenzi.

"Hiyo ni kamati nyingine, bibie. Haijawahi kutimiza akidi."

Nchi nzima ilikuwa na walezi mia mbili na kumi na wawili. Wakaguzi walikuwa mia nne. Chuo cha ulezi huchukua miaka mitatu, na wanaofaulu vizuri hufanywa wakaguzi, kwa kuwa mkaguzi hupewa kiti na mwavuli, na jioni huenda kwake. Mlezi hupewa watoto. Siwema aliyaandika hayo nayo, ingawa hakuwa ameagizwa.

Siku ya pili walikwenda kwenye nyumba iliyokuwa na leseni ya daraja la dhahabu. Leseni iling'aa mlangoni, imetiwa kioo. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, na Siwema akaingia. Ndani kulikuwa na watoto ishirini na walezi watano, hesabu imekaa sawasawa. Sakafu ilinukia sabuni na vitanda vilitandikwa vikanyooka kama vilivyopimwa kwa kamba. Watoto walikuwa wameketi kwenye mikeka wakipanga vifuniko vya chupa kwa rangi.

"Hamjambo, wanangu?"

"Hatujambo, shikamoo," wakaitikia, wote kwa pamoja, na wote kwa pamoja wakapitisha nyuma ya mkono chini ya jicho la kulia, kisha la kushoto.

Siwema aliwatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa na chozi. Ilikuwa imeshakuwa desturi ya mkono, kama mtu anayejikuna bila kuwashwa. Alipomuuliza mlezi mkuu, yule mama alijibu kwa fahari kwamba mtoto hufundishwa hilo wiki ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa choo. Siku za ukaguzi, kila mlezi huweka vipande vya kashata mfukoni, na mtoto akikunja uso tu, hutiwa kashata mdomoni. "Mdomo uliojaa haulii," alisema. Siwema alitaka kumchukia na akashindwa. Yule mama alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala, na alijua jina la kila mtoto bila kutazama orodha.

Walipotoka walikaa kwenye ukuta mfupi, na Siwema hakuweza tena kujizuia.

"Sheria yenu inataka mtoto aliaye apate mlezi wa pili. Mlezi wa pili hayupo. Basi mmeona rahisi mtoto asilie. Bwana Nyenzi, hivi hamlioni?"

"Tunaliona."

"Mnaliona, halafu mnagusisha vitambaa!"

Bwana Nyenzi alikunjua kile kitambaa na kukikunja tena. "Kabla ya sheria kulikuwa na nyumba yenye watoto thelathini na mmoja na mlezi mmoja," akasema. "Siku moja wawili waliumwa kwa pamoja. Mlezi akamshika mmoja. Yule wa pili alilia sana, mlezi akamsikia, akamwambia subiri, nakuja. Alipokwenda, mtoto alikuwa amekwisha. Watu waliandamana mpaka barazani, na sheria ikaandikwa ndani ya siku tatu. Ndiyo maana kilio kikawa vichwa viwili."

"Na yule mlezi?"

"Ni mimi."

 Siwema alimhurumia yule mtu, na papo hapo akamwogopa, maana aliona kwamba mtu huyo asingeweza kamwe kufumba jicho mbele ya hesabu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini huyu alikuwa amekilalia, akaamka na kuapa kuhesabu kunguni maisha yake yote.

Siku ya tatu ilikuwa ya ukaguzi katika Nyumba ya Kisimani, nyumba ndogo iliyochakaa, leseni yake imeliwa pembe na mende. Watoto kumi na watatu, vichwa kumi na sita, walezi wanne. Haikubaki nafasi hata ya nusu kichwa. Walifika mapema, watu wakiwa bado kwenye uji, na Bwana Nyenzi akaenda kukagua ndoo za maji. Siwema aliachwa uani, ambako mwanamume mmoja wa makamo, mnene, mwenye vidole vifupi, alikuwa akimsuka mtoto wa kike wa miaka minane.

"Karibu, mama. Samahani siwezi kuinuka," akasema. "Nikiinuka nitaanza upya kesho."

Jina lake lilikuwa Makungu, na mtoto aliitwa Mashavu. Nusu ya kichwa chake, upande wa kulia, ilikuwa na mistari myembamba iliyonyooka. Nusu ya pili nywele zilisimama ovyo.

"Wewe ndiye msusi wa nyumba hii?" Siwema akamtania.

"Nilijifunza kwa mpishi. Vidole vyangu hivi, mama, vilimliza mpishi kwa kicheko." Kisha akashusha sauti, ingawa mtoto alikuwa pale pale magotini pake, akitazama mbele. "Huyu hasemi wala halii tangu alipoletwa, miezi minane. Hataki kutazamwa usoni. Nikaona, basi nikae nyuma yake. Anayesukwa hatazamwi."

Akasimulia kwa sentensi fupi, mikono haisimami. Mashavu na mamake waliishi wawili tu. Siku moja mama alimsuka upande mmoja, akasema amechoka, ajilaze kidogo, atamalizia akiamka. Mtoto akakaa kando ya kitanda kungoja. Majirani walivunja mlango siku ya pili, wakamkuta bado amekaa, upande mmoja umesukwa, kitana mkononi. Tangu hapo kila asubuhi humruhusu Makungu asuke upande wa kulia, kisha huinuka na kwenda zake. Jioni huufumua mwenyewe.

"Wakaguzi wameandika mara tatu kwamba nywele za mtoto hazijakamilika," Makungu akasema. "Nimewajibu, hata yeye hajakamilika. Tunakwenda naye taratibu."

Moyo wa Siwema ulimuuma. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Na huyu wala hakuwa mwanawe. Alisogeza kigoda akaketi kando yao.

Makungu alifunga mstari wa mwisho wa upande wa kulia na kushusha mikono, kama kila siku, akingoja mtoto ainuke. Mtoto hakuinuka. Makungu akangoja. Mashavu akainamisha kichwa kidogo upande wa kulia, akakiacha hapo, na upande wa kushoto ukawa juu, mbele ya vidole vya mlezi. Makungu alimtazama Siwema kwa macho yaliyomtoka. Kisha akachukua kitana, akagawa nywele, akaanza.

Alisuka polepole mno. Walezi wengine watatu walipita na masufuria, wakaona, wakasimama. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Bwana Nyenzi alikuwa amemaliza ndoo, sasa anapita mkekani kwa watoto na kitambaa chake, kidevu kwa kidevu, akiandika kimoja, kimoja, kimoja. Makungu akafika kwenye sikio, akafunga mstari wa mwisho, na kwa kidole akagusa kichwa kizima mara moja, toka mbele mpaka kisogoni, kumwonyesha kwamba kazi imekwisha.

Mashavu akapandisha mkono akashika upande wa kushoto. Akaupapasa. Kisha mdomo ukatetemeka, na sauti ikatoka, ndogo kwanza, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi, halafu kubwa, halafu kubwa kuliko mwili wenyewe.

"Mama!" alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza katika nyumba ile.

Bwana Nyenzi aligeuka.

Kila mtu uani alijua hesabu. Vichwa kumi na sita vilikuwa vimekuwa kumi na saba. Mlezi mmoja mwanamke alimkimbilia Makungu akimnyooshea kipande cha kashata. "Mpe, Makungu! Mpe upesi, watamchukua!"

Makungu alikishika kile kipande. Siwema alimwona akimtazama mkaguzi anayekuja, kisha akimtazama mtoto. Miezi minane ya vidole vile vifupi. Akakitupa kipande uani, kuku wakakigombania.

"Lia, mama," akamwambia mtoto, akimgeuza na kumkumbatia, na yeye mwenyewe machozi yameshavuka taya. "Lia. Mamako anastahili kuliliwa."

Bwana Nyenzi alifika na kitambaa. Hakuhitaji kukigusisha, lakini alikigusisha, kwa upole sana, na kikalowa mpaka mkunjo wa nne. Akafungua daftari lake.

"Bwana Nyenzi," Siwema akasema, "huyu mtoto ndiyo kwanza anapona."

"Najua."

"Ukiandika viwili, leo hii anakwenda ng'ambo ya milima. Atakwenda kufundishwa kunyamaza tena. Na safari hii hatalia maisha."

"Najua, bibie!" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Unadhani sijui? Niandike kimoja? Nikiandika kimoja leo kwa huruma, kesho mwingine ataandika kimoja kwa uvivu, na kesho kutwa tutarudi kwenye watoto thelathini na mmoja na mtu mmoja. Nilimwambia mtoto asubiri. Unasikia? Alilia, nami nikamwambia asubiri. Mtoto akilia mimi naandika viwili."

Na jambo lililomtesa Siwema ni kwamba alimwona ana haki. Mtoto yule alikuwa vichwa viwili kweli. Alikuwa na haja ya mikono miwili kweli, mmoja wa kumshika na mwingine wa kushika wenzake kumi na wawili ambao sasa walikuwa wamesimama wima mkekani, hawajui waende wapi. Sheria haikusema uongo. Walioiandika waliandika idadi ya mikono, wakaenda kwao kula.

"Basi andika viwili," akasema. "Kisha nihesabu mimi."

Bwana Nyenzi alinyanyua uso.

"Nina cheti cha uuguzi, kipo mfukoni. Sheria yenu nimeinakili kwa mkono wangu. Inasema mwenye cheti aliyemo ndani ya uzio wakati wa hesabu. Haisemi awe wa wapi, wala cheti kiwe cha nini."

"Haisemi," Bwana Nyenzi akakiri taratibu. "Lakini umenakili kurasa thelathini, na hujafika ya thelathini na mbili. Anayehesabiwa haondoki mpaka apatikane wa kumrithi. Akiondoka, nyumba hufungwa siku hiyo. Na katika nyumba hii, bibie, hajaja mlezi mpya kwa miaka miwili."

Siwema alimwona moyoni mwake Mwanakheri mlangoni, mkono tumboni. Aliona mikono ya mwanamke mwingine ikimpokea mjukuu wake, ikimkata kitovu, ikimfunika.  Alijua pia kwamba mwanawe atakuwa na shangazi zake, na mkunga wa mtaa, na majirani wenye midomo na sufuria za uji, na kwamba huyu aliyelowanisha shati la mlezi hana mwingine. Kulijua hilo hakukumpunguzia chochote. Aliapa, na sasa anavunja.

"Ningependa kumwandikia binti yangu barua," akasema.

"Nitaipeleka mwenyewe mpakani. Na daftari lako la sheria?"

"Lipeleke pia. Waambie wasilisome barazani. Waambie sijamaliza kuliandika."

Mpishi, mama wa Kisimani aliyekuwa akitazama yote toka mlango wa jiko, akajifuta mikono kwenye kanga. "Mgeni siku mbili," akasema, si kwa mzaha wala si kwa kebehi, "ya tatu mpe jembe." Akaenda kumletea Siwema aproni.

Bwana Nyenzi aliandika. Vichwa kumi na saba, walezi watano. Chini yake akaandika neno ambalo sheria ilimtaka aandike, kwamba nyumba imekidhi. Mwandiko haukufanana na wake. Kisha akamkabidhi Siwema daftari la zamu, ambalo kila mlezi wa Ukidhi hulijaza kila robo saa, lenye nafasi tatu tu: jina la mtoto, hali yake, maendeleo yake.

Siwema aliketi kigodani. Watoto wawili wadogo walikuwa wameshakuja kumshika nguo. Mbele yake Mashavu alikuwa bado kifuani pa Makungu, sauti imeanza kukauka, inakatika, inarudi tena. Siwema akachovya kalamu, akaandika:

Mashavu. Analia. Anaendelea vizuri.